Mwanamisi, Balozi wa Mferejini

Mwanamisi binti Singano hakuutafuta ubalozi. Walimchagua siku ambayo hakuwepo, alipokuwa amekwenda Vuga kumzika shangazi yake. Aliporudi Lushoto, kabla hajatua hata furushi lake, jirani wa kwanza kukutana naye akamwita Ndugu Balozi. Akadhani anataniwa. Jioni wakaja wengine, wakamweleza kwamba wanaume wawili waliokuwa wakiugombea ubalozi wa nyumba kumi walikuwa wametukanana mpaka mkutano ukachoka, ndipo mwanamke mmoja akataja jina lake, na mikono ikainuka.

"Kwa nini mimi?" akauliza.

"Kwa sababu hujagombana na mtu," wakamjibu.

Ilikuwa kweli, ingawa sababu za kugombana alikuwa nazo. Alizaliwa Vuga, akaolewa angali msichana na Rajabu, fundi mwashi, kijana mrefu mwenye mikono iliyojua kuyapanga mawe yakakaa bila kutikisika. Walihamia Lushoto wakati wa Waingereza, wakapanga chumba mtaa wa Mferejini, ambao uliitwa hivyo kwa sababu ya mfereji wa mawe ulioshusha maji ya mlimani hadi mtoni. Wakazaa mabinti wawili, Zainabu na Mariamu. Kisha Rajabu akateremka tambarare kujenga nyumba za wafanyakazi kwenye shamba la mkonge, akasema atarudi mvua zikianza. Mvua zikaanza, zikaisha, zikaanza tena. Siku moja akaja mtu kutoka huko na ujumbe wa mdomo: Rajabu ameoa mwanamke mwingine, na amempa talaka mke wake wa Lushoto.

Mwanamisi hakupiga kelele. Alimkaribisha yule mjumbe chai, maana alikuwa ametembea mbali, na alipoondoka akaingia jikoni akaanza kupika uji. Tangu hapo uji ndio ukawa kazi yake. Kila alfajiri, ukungu ukiwa bado umelala juu ya mabati, alikaa kwenye pembe ya soko na sufuria yake, akiwauzia wakulima walioteremka na kabichi na mapeasi kutoka juu. Uji wake ulikuwa na pilipili manga, na katika baridi ile mtu akinywa kikombe kimoja masikio yake yalipata moto. Kwa uji huo aliwalea mabinti wake, wakaolewa, mmoja Korogwe, mwingine Soni. Uhuru ulipokuja alicheza ngoma barabarani pamoja na wanawake wenzake mpaka kiatu kikakatika. Alikuwa na miaka zaidi ya arobaini walipompa ubalozi.

Zamani mtaa wenyewe ulikuwa mzuri. Katikati yake palikuwa na duka kubwa la nguo lenye baraza pana ya saruji na nguzo za mbao, na mbele yake watu walifagia kila asubuhi. Kisha mwenye duka, ambaye alikuwa amezeeka, akafunga milango na kwenda kukaa na wanawe Tanga. Duka likabaki hivyo. Mabati yakaanza kushika kutu, nguzo moja ikaoza, taa ya barazani ikavunjwa. Mfereji ukajaa maganda na matambara, na mvua zikinyesha maji machafu yaliingia mpaka milangoni kwa watu. Kisha ukaja mwaka wa njaa, watu wakawa wanapanga foleni ya unga wa njano tangu asubuhi. Vijana waliokosa kazi wakapata mahali pa kukaa: ile baraza. Walikunywa boha, pombe ya miwa, iliyopikwa na mjane mmoja aliyeitwa Marta nyuma ya nyumba yake. Kuku wakaanza kupotea. Nguo zilizoanikwa zikaanza kupotea. Wanawake wakazoea kuzunguka kwa njia ya nyuma, na anayepita pale mbele alipita akitazama chini.

Na katika mwaka huohuo wa njaa Rajabu akarudi.

Mwanamisi alimwona kwanza sokoni, kwenye ukungu. Mzee aliyekonda, koti la kuazima, amesimama nyuma ya wateja wengine akisubiri zamu yake. Hakumtambua kwa uso. Alimtambua alipopokea kikombe, kwa sababu kidole chake cha shahada kilikuwa kimepinda tangu jiwe lilipokiangukia mwaka walipooana.

"Onga makeo," Rajabu akasema, salamu ya asubuhi ya kwao.

"Onga makeo," naye akajibu.

Rajabu akanywa amesimama. Akarudisha kikombe kwa mikono miwili, akaenda zake. Hakuna aliyemtaja mwenzake jina. Mwanamisi aliendelea kuhudumia watu hadi sufuria ilipokwisha, na aliporudi nyumbani akajilaza kitandani mchana, jambo ambalo hakuwa amelifanya tangu alipomzaa Mariamu.

Habari zilimfikia taratibu, kama zinavyofika katika mji mdogo. Mkonge ulikuwa umeshuka bei, shamba likapunguza watu. Yule mke wa pili alikuwa amefariki. Rajabu hakuwa na mtoto huko, wala huku hakuwa na uso wa kumwendea mtu. Akalala kwenye baraza ya lile duka pamoja na vijana wa boha, naye akanywa kuwapita. Asubuhi nyingine alikuja kwenye uji, nyingine hakuja. Mtaa mzima ulijua yeye ni nani, na mtaa mzima ulinyamaza mbele ya Mwanamisi, kwa heshima.

Mambo yalivunjika jioni moja ya mvua nyepesi. Dorkasi, mke wa Kristofa seremala, alikuwa anarudi bombani na ndoo kichwani. Kwa sababu njia ya nyuma ilikuwa matope matupu, akapita barazani. Vijana wawili waliolewa walikuwa wanasukumana kwa mchezo, wakamwangukia. Ndoo ikaenda huko, yeye akaanguka mkono ukiwa chini yake, na kifundo cha mkono kikavunjika. Alilia pale kwa muda, hakuna aliyemwinua, mpaka mpita njia alipomsikia.

Kristofa alikuwa mtu mkimya, mzee wa kanisa, mwenye tabia ya kupima jambo kama anavyopima ubao. Safari hii hakupima. Kesho yake alfajiri alikuwa mlangoni kwa balozi.

"Dada Mwanamisi," akasema, "nimekuheshimu siku zote. Sasa itisha mkutano. Nasikia watu wasio na kazi mjini wanapelekwa kwenye vijiji vya ujamaa huko tambarare wakalime. Hao wa barazani na waende. Wote. Najua kuna mmoja kati yao ambaye ni mzito kwako. Nisamehe, lakini na yeye."

"Dorkasi ameamkaje?"

"Hakulala."

"Nitaitisha," Mwanamisi akasema. Akaingia ndani, akamjazia chupa ya uji ampelekee mgonjwa.

Walikutana Jumapili mchana chini ya paa la soko, watu wa kanisani wakiwa wamekwisha kutoka na wa msikitini wakiwa wamekwisha kuswali adhuhuri. Alikuwapo pia katibu wa tawi, kijana mmoja mpole aliyeitwa Salimu. Alimwamkia kila mzee shikamoo kabla hajaketi, na kwa kuwa wazee walikuwa wengi mkutano ulichelewa.

Kristofa alisema kwanza. Alimsimamisha mkewe, mkono ukiwa umefungwa na kutundikwa shingoni kwa kitambaa.

"Huu ndio mtaa wetu," akasema. "Mke wangu ametoka kuteka maji, si kwingine. Ninyi mnakumbuka mji huu ulivyokuwa. Mtu angeweza kuokota sindano barabarani. Leo mfereji unanuka, duka ni pango, binti zetu wanazunguka nyuma ya nyumba zao wenyewe. Je, tulidai uhuru ili tuishi hivi? Mtu asiyetaka kufanya kazi, aende akafundishwe kazi."

Watu wengi walisema kweli, kweli. Mzee mmoja akataka Marta naye afukuzwe, kwa kuwa bila boha pasingekuwa na walevi.

Marta akasimama. Alikuwa mwanamke mfupi mwenye sauti nzito. "Mimi nina watoto watano," akasema. "Marehemu hakuniachia shamba. Wanaume wa mtaa huu wanaokuja kwangu Jumamosi kupitia mlango wa nyuma wako hapa hapa, na sitawataja. Mkinifukuza, nitakwenda kupika boha mtaa mwingine, nanyi mtanifuata huko."

Kicheko kidogo kikapita, kisha kikafa, kwa sababu wakati huohuo mtu alikuwa anaingia kutoka upande wa mfereji. Alikuwa Rajabu. Alikuwa amenawa uso, na maji yalikuwa bado yanachuruzika kwenye kola. Hakuna aliyemtazamia.

"Mimi ni mmoja wa hao mnaowazungumzia," akasema, "nikaona ni vizuri mnizungumzie nikiwapo." Akamgeukia Dorkasi. "Mama, siku ile mimi sikuwa miongoni mwa waliokuangukia. Nilikuwa nimelala kando. Nilikusikia unalia. Nikasema moyoni, ataamka mwingine. Hilo ndilo nililokuja kukwambia. Nilikusikia."

Watu wakamgeukia balozi. Kila mtu alikuwa anangoja neno lake, na kila mtu alijua kwa nini.

Mwanamisi alikuwa ameketi kwenye kigoda chake cha uji. Akainuka.

"Juu ya mtu huyu mimi siwezi kuamua," akasema. "Nikisema aende, mtasema nalipa kisasi. Nikisema abaki, mtasema namtetea. Ubalozi wa leo namkabidhi Kristofa. Nyumbani kwake ndiko kulikoumia. Atakaloamua, nitalipeleka kwa katibu kama neno langu."

Kristofa akashtuka. "Dada, mimi ndiye mlalamikaji."

"Ndiyo maana. Kaa hapa." Akamsogezea kigoda. Kisha akaenda kusimama upande wa wananchi. "Sasa naomba nafasi ya kusema, Ndugu Balozi."

Kristofa, akiwa amekaa kwenye kigoda kilichokuwa kifupi mno kwake, magoti yakimfika kifuani, akampa nafasi.

"Umesema mji ulikuwa safi," Mwanamisi akasema. "Ulikuwa safi, mimi niliuona. Baba yangu alikuja hapa kutoka Vuga na kapu la mapeasi, nikiwa mdogo. Akauza, akakaa chini ya mti kupumzika. Askari akamwuliza ana kazi gani mjini. Baba akasema, nimeuza mapeasi, sasa napumzika. Wakamfungia. Alirudi nyumbani baada ya juma zima, na hakukanyaga tena mji huu mpaka anakufa. Mji ulikuwa safi kwa sababu watu kama sisi tulikuwa tunafagiwa pamoja na takataka."

Akamgeukia Rajabu.

"Mimi huyu Rajabu aliniacha na watoto wawili. Hakuna hapa mwenye haki kunizidi ya kufurahi yeye akipakiwa kwenye lori la kwenda huko vijijini. Nimeliota hilo lori, wala sioni haya kusema. Lakini Dorkasi alianguka barazani kwa sababu njia ya nyuma ni matope. Ni matope kwa sababu mfereji umeziba. Umeziba kwa sababu maganda ya ndizi ya kwangu yamo, na matambara ya kila nyumba yamo, na vumbi la mbao zako limo, Ndugu Balozi. Mkiwaondoa hawa leo, kesho mtafagia baraza, na kesho kutwa watakaa wengine. Nimemaliza."

Akaketi chini, juu ya khanga yake.

Sasa Kristofa alikuwa peke yake na lile neno alilolitaka. Alimtazama mkewe, akamtazama Rajabu aliyesimama na kola yake ya maji. Ni jambo jepesi kusema wapelekwe ukiwa mlangoni kwa mwingine. Ukiwa kwenye kigoda, ulimi unapata uzito.

"Mzee," akamwuliza Rajabu, "bado unaweza kujenga?"

"Sijui," Rajabu akajibu. "Mikono inatetemeka asubuhi. Mchana huwa inatulia."

Dorkasi ndiye aliyesema, kwa mara ya kwanza siku ile. "Basi aanze mchana."

Ndivyo walivyoamua. Marta atapika boha Jumamosi tu, na itanyweka uani kwake, si barazani. Wale vijana wawili watamtekea Dorkasi maji mpaka mkono upone. Kila nyumba itatoa mtu wa kuzibua mfereji, na Rajabu atayapanga upya mawe yaliyobomoka. Kuhusu mahali pa kulala, Rajabu hakuweza kulala kwa Mwanamisi, kwa kuwa hakuwa mumewe. Kristofa akakuna kichwa, akasema ana ghala lake la mbao.

"Atakaa kwangu," akasema kwa sauti ya mtu anayejishangaa. "Nataka nimwone kwa macho yangu mwenyewe."

Salimu alimwuliza Mwanamisi arudi na jibu gani tawini, kama mtaa una watu wasio na kazi.

"Wako waliokuwa hawana," akamjibu. "Waje waulize tena mfereji ukiisha."

Sitasema kwamba mtaa ulibadilika ukawa peponi. Mmoja wa wale vijana alitoroka kabla mkono wa Dorkasi haujapona, akaondoka na randa ya Kristofa. Boha iliendelea kunyweka siku zisizokuwa Jumamosi. Duka lenyewe lilizidi kuoza, na masika iliyofuata sehemu ya paa lake ikaanguka, kwa bahati watu walikuwa hawapo. Lakini mfereji ulifunguka. Rajabu alifanya kazi mchana, polepole, akigeuza jiwe mara nyingi kabla ya kuliweka, na yule kijana aliyebaki akimchanganyia udongo. Kuna siku Rajabu alianguka tena katika pombe, akapotea kwa siku kadhaa, na Kristofa ndiye aliyekwenda kumtafuta. Alimkuta njia ya Soni, akarudi naye wakitembea polepole kama ndugu wawili waliotoka shambani. Mwanamisi aliwaona wakipita. Jioni alipeleka mihogo ya kuchemsha ghalani, ya watu wawili.

Mfereji ulipokwisha Rajabu akajenga ngazi za mawe kutoka bombani, ili wanawake wasiteleze. Dorkasi alikuwa wa kwanza kuzipanda, na ndoo yake. Alipofika juu akasimama, akamgeukia.

"Asante, mghosi," akamwambia, kwa neno la kikwao la kumheshimu mwanamume.

Rajabu alikaa chini kwenye ngazi ya mwisho akafunika uso kwa ile mikono yenye udongo.

Mwaka wa tatu tangu arudi, alimwomba Kristofa aende akamwulizie Mwanamisi kama angekubali warudiane kwa ndoa. Kristofa akakataa. "Neno hilo lipeleke mwenyewe," akasema. Rajabu akaenda, Ijumaa baada ya swala, amevaa kanzu. Mwanamisi alimtolea kiti nje, mahali ambapo wapita njia wangewaona, akakaa kwenye kiti kingine.

"Mama Zainabu," Rajabu akaanza, "mimi sina la kujitetea."

"Najua, Baba Zainabu."

"Ila nauliza kama unaweza kunipokea."

Mwanamisi alifikiri. Alikuwa amelijua swali hilo kabla halijafika, na bado lilimgusa mahali alipodhani pamekufa. "Mume nilikuwa naye," akasema hatimaye, "akaniumiza, na nikapona. Sitaki kuwa mke tena, si wako wala wa mtu. Lakini jirani kama wewe sina. Njoo kila Ijumaa unywe chai. Nitamwita Zainabu alete watoto wakujue."

Rajabu alitikisa kichwa kukubali. Machozi yalikuwa yamemlengalenga. "Chai yako ina tangawizi bado?"

"Ipo."

Akaja kila Ijumaa. Zainabu alileta watoto kutoka Korogwe. Mwanzoni yeye mwenyewe alikaa pembeni na uso mgumu, na ni safari ya tatu tu ndipo alipomwita Rajabu baba. Mariamu hakuwahi kuja, na Mwanamisi hakumlazimisha.

Rajabu alifariki katika msimu wa baridi, kwa kifua, ndani ya lile ghala lenye harufu ya mbao. Kristofa alizipiga randa kwa mkono wake mbao za kufunikia mwanandani, lile shimo la ndani ya kaburi, akawauliza wazee wa msikiti vipimo vinavyotakiwa, akazilainisha mpaka usingeweza kupata mwiba. Wanaume wa mtaa walimbeba kwa kupokezana, Waislamu na Wakristo.

Kwa sheria Mwanamisi hakuwa na eda ya kukaa wala hakuwa mfiwa. Alikuwa mwanamke aliyeachwa zamani. Hakujua akae wapi, akabaki mlangoni kwake, khanga imemzunguka mabega. Watu walipotoka makaburini walisimama njiani wakisitasita, hawajui pole zinakwenda nyumba ipi. Dorkasi akawatoka. Akavuka barabara, akaketi karibu naye kizingitini, akamshika mkono kwa ule wake uliowahi kuvunjika.

"Pole, mfiwa," akasema.

Mwanamisi akainamisha kichwa, na kwa mara ya kwanza tangu yule mjumbe wa tambarare alipomletea talaka, akalia mbele za watu. Wengine nao wakavuka, mmoja mmoja, wakaja kumpa pole.